Chembe Mia za Bi Kosara

Jumatatu, 17 Oktoba

Leo nimekuta jina la Bi Kosara kwenye kichupa cha damu.

Nilikuwa napanga vichupa vya wodi ya moyo kama kila asubuhi. Kizibo cha zambarau, karatasi nyeupe, jina, mwaka wa kuzaliwa. Nikasoma, nikapita, nikarudi. Kosara, 1941. Ni yeye! Damu ya mwanamke aliyenifundisha kazi ya damu, na bado ina uvuguvugu kiganjani mwangu. Nikapiga ishara ya msalaba. Spomenka, mwenzangu wa meza ya pili hapa maabara, aliona, akajifanya hajaona.

Wakati wa kahawa nikapanda wodini. Miguu ya Bi Kosara imevimba, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali hapati pumzi. Moyo umechoka, hausukumi tena inavyotakiwa, maji yanabaki mwilini. Aliponiona hakunisalimia.

"Leo nani anatandaza damu kwenye vioo huko chini?" akauliza. "Mwambieni asitandaze nene."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Basi wewe hasa."

Miaka ishirini na moja tangu astaafu, na bado natetemeka mbele yake kama siku ya kwanza!

Mashine yetu kubwa imekufa tangu Agosti, kipuri hakijafika. Ndogo inajua jumla ya chembe nyeupe tu, haijui kuzitenganisha. Kwa hiyo tumerudi kwenye darubini, chembe mia kwa kila mgonjwa, kwa mkono. Daktari Ognjen anazitaka kwa wagonjwa wote wa moyo. Anachukua hesabu ya neutrofili, anaigawa kwa hesabu ya limfosaiti, aina mbili za chembe hizo. Mwili ukiwaka moto wa ndani kwa ndani, za kwanza huongezeka na za pili hupungua. Mtu mzima wa afya, anasema, mara nyingi hupata mbili hivi. Kwa moyo uliochoka, kadiri namba inavyopanda ndivyo ya mbele yanavyotisha.

"Sipigi ramli, Bi Ruža," kaniambia. "Ni namba moja kati ya nyingi. Lakini nikiiona inapanda, siwezi kulala."

Bi Kosara: neutrofili 68, limfosaiti 21. Tatu na kidogo. Daktari ameandika kwenye daftari lake la kijani. Si nzuri, si ya kulilia.

Nimewasha taa mbele ya Mama wa Mungu. Nimeomba kidogo. Nitaomba zaidi.


Jumanne, 18 Oktoba

Nimetoa kile kihesabio cha chembe cha zamani kwenye droo ya chini, kile kipya cha plastiki siwezani nacho. Kizito kama pasi. Vitufe vitano. Kitufe cha kwanza, cha neutrofili, rangi imefutika kabisa kwa vidole vya miaka arobaini. Kila kitufe na sauti yake: cha kwanza kinasema tak, cha limfosaiti kinasema tik. Ukifika mia kengele inalia—ting!—unaacha.

Spomenka akakishika kama aliyeokota panya. Ana miaka arobaini, ni mtu wa mashine.

"Hiki ndicho mlichotumia na Nuhu kuhesabia wanyama?"

"Nuhu alihesabu wawili wawili," nikamwambia. "Sisi mia mia."

Alicheka hadi akamwaga rangi mezani.

Lakini nilipokibonyeza tu, nikarudi 1986. Miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya uuguzi na msuko wangu hadi kiunoni. Bi Kosara ana arobaini na mitano, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama peke yake. Tulipika kahawa kwenye jiko dogo la spiriti, mahali palipokatazwa kabisa kuwasha moto. Juu ya kabati la slaidi yalipangwa madunja, yale matunda magumu ya manjano, yananukia chumba kizima hadi Krismasi. Nilikuwa nikirudi nyumbani mama ananusa nywele zangu: leo umenukia dunja na dawa. Kila Juni chama cha wafanyakazi kilitupakia basi moja kwenda baharini. Pwani ile siku hizi ni nchi nyingine. Bi Kosara aliogelea na kofia ya maua, akiwa ameshikilia kichwa juu ya maji kama bata!

Na jinsi alivyofundisha. Ukimpa namba hakuuliza ngapi. Aliuliza: "Umepita wapi?"

Maana damu ukiitandaza kwenye kioo, chembe hazikai sawasawa. "Kama harusini," alisema. "Wakubwa wanakimbilia pembeni kwenye pipa la rakia, wadogo wanabaki katikati wanacheza. Ukihesabu katikati tu utasema harusi ni ya watoto. Ukihesabu pembeni tu utasema ni ya walevi." Neutrofili ndio hao wakubwa. Kwa hiyo unakwenda kwa meno ya ukuta wa ngome: unaingia kutoka ukingoni, unapinda, unatoka hadi ukingoni, unapinda. Hukai mahali panapokupendeza.

Umepita wapi. Hadi leo nikinunua mkate nikichelewa, mume wangu Života ananiuliza kwa sauti ya Bi Kosara: umepita wapi?


Jumapili, 23 Oktoba

Liturujia, kisha ajvari, rojo letu la akiba ya majira ya baridi. Života amechoma pilipili hoho uani tangu asubuhi, moshi umefika hadi kanisani, nadhani Padri Teofil alisoma Injili huku akimeza mate. Mimi namenya. Magunia mawili! Vidole vyangu vyekundu.

"Tia chumvi," akasema Života.

"Nimetia."

"Wewe hesabu vijidudu vyako, chumvi niachie mimi."

Nimeweka chupa mbili pembeni kwa Bi Kosara. Chumvi haruhusiwi. Basi nimepika sufuria yake ndogo, bila chumvi, haina ladha hata kidogo. Atanitukana.


Jumatatu, 24 Oktoba

Neutrofili 74. Limfosaiti 17. Nimegawa mara mbili, nikitumaini nimekosea. Nne na theluthi.

Daktari Ognjen amekunja uso. Anasema ikivuka tano atampeleka Belgrade, hospitali kubwa, wana kitengo cha mioyo iliyochoka, dawa za kuingiza mshipani, madaktari wa usiku na mchana. Huku kwetu yuko yeye tu na muuguzi mmoja na nusu. Nusu ni Milunka, ambaye mgongo unamuuma.

Bi Kosara amesikia. Alikuwa anakula ajvari yangu.

"Haina chumvi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Slava yangu ni tarehe nane," akasema. "Mtakatifu Dimitri. Sijawahi kuikosa. Wakati wa vita nilioka mkate wa slava kwa unga wa mahindi. Belgrade baadaye."

"Mtakatifu atakusamehe, mama," Daktari akamwambia kwa upole.

"Yeye atanisamehe. Radoje je?"

Radoje ni marehemu mumewe. Slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba, ni ya ukoo wake, yeye alimwachia kama mtu anavyoacha ufunguo. Watoto hawakupata. Bi Kosara asipowasha mshumaa ule, hakuna mwingine wa kuuwasha.

Nikarudi maabara, macho mekundu. Spomenka akaniambia: "Mara ijayo nipe mimi kioo chake. Si mnayo ile sheria yenu?"

Ipo. Haikuandikwa popote lakini hakuna aliyeivunja: damu ya mtu wako mpe mwenzako. Nikamjibu, mtu wangu ni wa nyumba yangu. Bi Kosara si mama yangu, si shangazi. Na wewe, samahani, unahesabu kama anayechambua mchele gizani.

Amekasirika kidogo. Nitamletea ajvari, yenye chumvi.


Alhamisi, 27 Oktoba

Mtakatifu Paraskeva. Leo sisi wanawake hatugusi sindano wala hatufui. Spomenka anauliza kama na sindano ya kutolea damu imo. Nikamwambia Mtakatifu anajua tofauti. Miguu ya Bi Kosara imepungua kidogo. Utukufu kwa Mungu! Ameniomba nimletee dunja moja tu, aliweke kando ya mto wa kulalia. Si kwa kula. Kwa kunusa.


Jumatatu, 31 Oktoba

Tatu!

Neutrofili 69, limfosaiti 23. Tatu kamili! Daktari Ognjen alitaka kunibusu. Anasema ameshuka, dawa zimemkubali, miguu inaonyesha hivyo, aende nyumbani Jumatano, afanye slava yake, arudi tarehe kumi kupimwa.

Nimekimbia ngazi kama msichana. Bi Kosara alinitazama kwa muda. Dunja liko kando ya mto wake wa kulalia.

"Tatu?"

"Tatu, Mwalimu."

Nilingoja lile swali lake. Hakuuliza. Alifumba macho, akasema, "Basi loweka ngano ya slava Jumapili."

Kioo chenyewe kilinisumbua kidogo. Pembeni palijaa sana, rangi ilikuwa nzito, nikaona nisogee mahali panaposomeka vizuri. Palikuwa pazuri sana. Chembe zimekaa kwa nafasi, safi, kama kitambaa cha maua.

Nimelia garini kwa furaha. Života akauliza nani amekufa.


Jumatano, 2 Novemba

Tumempeleka nyumbani kwa gari letu kuukuu, Života akiendesha kama amebeba mayai. Ngazi sita tu, tumezipanda kwa dakika kumi. Kila ngazi anasimama, anajifanya anaangalia kitu: hii ilipasuka lini, huyu paka wa nani.

Nyumba baridi. Nimewasha jiko la kuni. Jumatano, mfungo, kwa hiyo nimepika maharage bila mafuta, tumekula sahani mojamoja na mkate. Ikoni ya Mtakatifu Dimitri juu ya farasi wake mwekundu iko palepale ukutani, na chini yake, juu ya kitambaa cha kufuma—darubini! Ile ya jicho moja, ya kioo cha kugeuza mwangaza wa dirishani. Walitaka kuitupa mwaka aliostaafu. Aliibeba mwenyewe kwenye kikapu cha viazi.

"Unaitumia, Mwalimu?"

"Naitazamia vitunguu," akasema. "Mjane anatazama nini kingine?"

Tukaongea hadi kuni zikaisha. Nani aliolewa, nani alihamia Vienna, nani aliyevunja chupa ya tindikali siku ya ukaguzi (mimi!). Alikumbuka hata gauni nililovaa. Mimi nilikuwa nimelisahau, la kijani lenye vifungo.

Nilipoaga nikamvua soksi. Nikabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Likabaki muda mrefu.

Nikajiambia, ni safari imemchosha.


Jumamosi, 5 Novemba

Siku ya marehemu kabla ya Mtakatifu Dimitri. Makaburini na ngano iliyochemshwa, divai, mishumaa. Ukungu. Baada ya kaburi la wazazi nikaenda kwa Radoje, maana Bi Kosara hawezi kupanda kilima. Nikamwagia divai, nikamwambia: yuko nyumbani, Jumanne atakukatia mkate.

Na pale nikakumbuka. Sijui kwa nini sikukumbuka mapema.

Baridi ya 1993. Vikwazo. Rangi tulikuwa tukichanganya wenyewe, umeme unakatika, tunahesabu kwa mwanga wa theluji unaoingia dirishani. Radoje alilazwa. Bi Kosara akatandaza mwenyewe kioo cha Radoje, akakipaka rangi, akakiweka chini ya lenzi. Akainama. Akainuka.

"Ruža, njoo uhesabu wewe."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Macho yangu leo yanachagua."

Nikahesabu. Zilikuwa mbaya. Nilipomwambia, aliuliza, umepita wapi? Nikamwonyesha kwa kidole juu ya meza: kuingia, kupinda, kutoka, kupinda. Akasema asante mwanangu. Akaenda kumwosha uso mumewe.

Macho yangu yanachagua. Nimesimama makaburini na chupa ya divai mkononi, mbele ya watu, nikaona kile kioo cha Jumatatu. Pembeni palijaa. Nikasogea. Nilisogea wapi? Katikati. Nilikaa katikati muda wote, chembe mia zote, nikicheza na watoto wa harusi.

Bwana, nihurumie.


Jumapili, 6 Novemba

Baada ya liturujia nimekwenda kazini bila zamu. Sikupokea komunyo. Kioo tunakitunza siku kumi na nne, kipo. Nimeanza ukingoni. Kuingia, kupinda, kutoka, kupinda. Ting.

79. 13.

Sita na ushee.

Nimehesabu tena. 80 na 12.

Sikuwa na nguvu ya kugawa.

Nimekifunga kioo kwenye leso, nimekitia mkobani. Sijui kwa nini nimekibeba. Kama mtu aliyeiba.


Jumatatu, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Daktari Ognjen saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimejipangia maneno njiani: Daktari, nilikosea, haikuwa tatu.

Hata sijafungua mdomo. Amenifungulia daftari la kijani. "Ona, Bi Ruža. Wagonjwa kumi na tisa. Wengi wamepanda au wamesimama. Kwa kushuka hivi ni yeye peke yake! Nafikiria akirudi Alhamisi nimpunguzie dawa ya kutoa maji, inamchosha figo." Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata barua. Usiku hakulala, alikuwa zamu, ndevu zimeota.

Kumpunguzia dawa! Kwa namba yangu!

Nikasema: "Daktari—"

"Na umfikishie salamu za slava."

"Nitafikisha," nikasema.

Nitafikisha! Ndilo neno nililopata. Nilitoka nikasimama korido, mbele ya picha ya mapafu, nikashika mkoba. Ningeweza kurudi. Hatua sita. Nilizihesabu. Nikawaza: nikisema sasa, ambulensi itamfuata leo hii, kesho mshumaa hautawashwa. Nisiposema, atawasha. Siku moja tu. Jumatano nitasema. Mungu anajua ni siku moja.

Lakini mimi ni nani wa kumgawia mtu siku?

Nimechemsha ngano yake, nimeisaga na karanga za miti na sukari. Nimemwambia Života kila kitu. Alikuwa anamenya kitunguu. Hakutania. Akasema, "Mwambie mwenyewe. Yeye ndiye mwenye moyo." Kisha akaendelea na kitunguu, macho yakimtoka machozi, sijui ya nini.


Jumanne, 8 Novemba. Mtakatifu Dimitri

Ninaandika jikoni kwa Bi Kosara. Saa tisa alasiri. Daftari hili lilikuwa mkobani pamoja na kioo. Lazima niandike, la sivyo mikono itaanza kupiga vyombo.

Tulifika saa tatu. Alikuwa ameshavaa: gauni jeusi, kola nyeupe, viatu vya kitambaa vya marehemu Radoje, maana vyake haviingii. Midomo ya samawati. Ameuwasha mshumaa mwenyewe. Života alitaka kumsaidia kiberiti, akamwambia, "Mwanangu, kaa." Života ana miaka sitini!

Padri Teofil alikuja saa nne. Wimbo, ubani, divai juu ya mkate, kisha wakauzungusha mkate pamoja, yeye na Padri, mikono minne. Walipoupasua nusu mbili kipande kikubwa kilikuwa upande wake. "Mwaka mwema," akasema Padri. Nikabusu msalaba bila kumwangalia usoni.

Wakaja watu. Slava haina mwaliko, mwenye kukumbuka anakuja. Majirani wawili, mwalimu wa zamani wa jiografia, hata Spomenka! Kaleta mtungi wa maua na kunikonyeza: "Nimekuja kuona alikozaliwa Nuhu." Kabichi za kukunja na nyama, kitimoto, supu. Bi Kosara hakula. Alizunguka na sinia la ngano, kila mgeni kijiko kimoja, anashusha pumzi, mwingine. Kila aliyesema "keti, mama" alijibiwa "nikikaa nitazeeka." Walicheka. Ilikuwa kama zamani. Nusu saa nzima ilikuwa kama zamani! Hata harufu—madunja juu ya kabati, nta, kahawa. Nilisahau. Mungu anisamehe, nilisahau.

Saa nane wageni wakapungua. Života kasinzia kitini. Bi Kosara akaniita jikoni, akaketi hatimaye. Akakunja soksi. Akabonyeza kifundo chake mwenyewe kwa kidole gumba, akaniangalia, sote tukaliangalia lile shimo.

"Tatu haivimbi hivi," akasema.

Nikaishika soksi nimvishe.

"Ruža. Umepita wapi?"

Miaka yote ile nilikuwa na jibu. Nikaweka kidole mezani, kwenye kitambaa, nijaribu kumwonyesha. Kidole hakikusogea. Kilisimama katikati.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasema: "Lini umejua?"

"Jumapili."

"Na leo Jumanne."

"Nilitaka uwashe mshumaa."

"Nimewasha," akasema. "Umenipa slava, mwanangu. Nashukuru. Ila umeninyima kuichagua. Ningekuja hata kwa sita. Ningekuja nikijua." Akavuta pumzi tatu, fupi fupi. "Sita, siyo?"

"Na zaidi kidogo. Mwalimu, niruhusu nimpigie Daktari. Anataka kukupunguzia dawa, hajui—"

"Kioo kiko wapi?"

Nikatoa leso. Akakifungua, akakiinua kwenye dirisha, akakigeuza. "Umetandaza vizuri," akasema. "Nyembamba." Basi nikaangua kilio kama mjinga, kwa neno hilo tu.

"Lete kihesabio changu. Droo ya vijiko."

Anacho chake! Pacha wa kile cha kazini. Nikamwambia: Mwalimu, sheria. Damu ya mtu wako mpe mwenzako. Niruhusu nimwite Spomenka, bado yuko barazani anavuta sigara.

"Hii si ya mtu wangu," akasema. "Ni yangu." Akainuka akishika meza. "Daktari utampigia kengele ikilia, utampa namba yangu na utamwambia na yako, zote mbili, na ulikopita. Kabla ya kengele hapigiwi mtu. Osha vikombe."

Yuko chumba cha mbele sasa. Nimemwona kupitia mlango: ameisogeza darubini dirishani, jicho moja limefumba, mshumaa wa slava nyuma yake umefika nusu. Saa hii mwanga ni mdogo, Novemba, lakini hakutaka taa.

Vikombe nimeviosha. Simu iko mezani, namba ya Daktari nimeshaitafuta. Života ameamka, amesimama mlangoni bila viatu.

Tak. Tak. Tak. Tak. Tik. Tak. Tak.

Anakwenda polepole. Nimeanza kuhesabu kwa sikio, siwezi kujizuia. Tak kumi na moja, tik mbili. Anasimama kupumua. Spomenka ameingia, ameona sura zetu, amezima sigara kwenye sinki.

Tak. Tak. Tak tak. Tak.

Pameshikana sasa, tak mfululizo—yuko ukingoni. Najua ukingo ule. Ndipo nilipogeukia katikati mimi. Kiti kimelia. Kimya. Nimenyanyuka nusu.

Tak. Tak. Tak.

Hajageuka. Anaendelea palepale.

Kengele bado.